Tofauti ya "should have" na "could have" katika kueleza majuto

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini mwalimu aliikata sentensi yako "If I would have known, I would have come early", na kama "should have" na "could have" zina tofauti yoyote. Nimefundisha Kiingereza kidato cha tatu na cha nne kwa muda mrefu, na sentensi ya namna hiyo hukutana nayo karibu kila ninaposahihisha madaftari.

Chanzo chake ni Kiswahili chetu. Tunaposema "Ningalijua, ningaliwahi", -ngali- inakaa pande zote mbili, kwa hiyo mwanafunzi huweka "would have" pande zote mbili vilevile. Kiingereza sanifu kinataka upande wenye "if" uchukue "had", na "would have" ibaki upande wa matokeo peke yake: "If I had known, I would have come early." Utawasikia baadhi ya Wamarekani wakizungumza kama ulivyoandika, lakini kwenye mtihani usithubutu.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. "I should have called my mother" inabeba lawama: kumpigia mama ulikuwa wajibu wako na hukuutimiza. Hapa Kiingereza kinabana kuliko "nilipaswa kumpigia", ambayo mtu anaweza kuiendeleza kwa "na nikampigia". "I could have called my mother" inasema tu kwamba uwezo ulikuwepo, simu mkononi na salio limo, lakini hukuutumia. Ndiyo maana katika barua ya kuomba radhi nasisitiza "I should have", kwa kuwa "I could have" husomeka kama mtu anayekwepa kukiri kosa. Ukimwelekezea mwenzako, hata hivyo, mambo hubadilika: "You could have told me!" ni lalamiko kamili, tena linalochoma.

Jambo lililokwisha kutendeka nalo hujutiwa kwa kukanusha. "I shouldn't have shouted at him" maana yake ulimfokea. "I needn't have bought the book" maana yake ulikinunua kitabu na hakikuhitajika, ilhali "I didn't need to buy the book" haielezi kama ulikinunua au la.

Angalia pia tahajia: "should've" inapotamkwa haraka husikika kama "should of", na hata wazawa wa lugha hiyo huiandika hivyo kimakosa. Wewe andika "have", kisha kitenzi cha safu ya tatu, yaani "gone" katika "go, went, gone": "should have gone", si "should have went".