Mama mkwe wako kasema kweli, weka fimbo chini

SWALI: Shangazi, naishi Kibirizi, Kigoma. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na anajisaidia kwenye nguo mchana kweupe. Nimemchapa, nimemfulisha chupi mbele ya wenzake, wapi! Eti hakusikia. Nimempa hadi dawa ya kuzuia kuharisha. Mume wangu mvuvi wa dagaa, akirudi anasema nimwache. Mama yake ndiye anayemdekeza, kila wiki analeta mapapai kutoka Mwandiga akidai mtoto kafunga choo, wakati mimi nafua majimaji! Chooni anakwenda mara moja kwa siku nne au tano, tena choo kikubwa ajabu. Tulipoishi kwa bibi yake hakuwa hivi. Si anamfundisha kunikomoa? Samaki mkunje angali mbichi, nifanyeje?

JIBU: Pole kwa kufua. Pole yangu inaishia hapo, binti yangu, maana barua yako imekushtaki mwenyewe.

Mtoto wa miaka 9, anayejua darasa zima litamcheka, achague kunuka ili akukomoe wewe? Na hizo siku nne bila choo umeziandika kwa mkono wako. Jibu unalo, ila limetoka kinywani mwa mama mkwe, ndiyo maana hulitaki.

Sikia. Mtoto akiumizwa na choo kigumu, au akiogopa kwenda chooni, huanza kujizuia. Choo kikikaa ndani, utumbo mpana unazidi kukinyonya maji, kinakuwa kikubwa na kigumu. Njia ya haja kubwa inatanuka mpaka hisia inapotea. Kisha choo laini kinapenya pembeni, kama maji kwenye mfereji uliozibwa na jiwe, kinaishia kwenye chupi. Ndicho unachofua. Akisema hakusikia, hadanganyi. Hata ile harufu, pua yake imeshaizoea. Na hiyo dawa ya kuzuia kuharisha iache leo hii, unamfunga aliyekwisha kufungwa. Samaki mkunje, sawa, lakini tumbo halikunjwi kwa fimbo.

Sasa nikuulize usichoandika: choo cha hapo mlipohamia kikoje? Mnachangia wapangaji wangapi? Mlango unafungika? Tena muulize mtoto kwa upole, mkiwa wawili tu, kama kuna mtu aliyemtisha au kumgusa vibaya. Simtuhumu yeyote, ila mtoto aliyekuwa sawa akabadilika lazima aulizwe.

Mabinti wa siku hizi mnanishangaza. Mume mnamtaka, dagaa wake mnawataka, mama aliyemzaa mnataka awe picha ya ukutani. Mwanamke kalea watoto, kalea wajukuu, anapanda gari na kapu la papai, wewe unaona vita. Simu ikikwambia jambo unaamini, mama mkwe akikwambia lilelile anakuingilia. Halafu ndoa zikiyumba mnasema mmelogwa! Haya, nisifike huko.

Mpeleke hospitali, na daktari umweleze yote, hasa zile siku nne. Akikuta choo kimejaa, ataanza na dawa ya kukitoa, kisha ya kulainisha, na hii ya pili huenda akainywa kwa miezi. Wengi huikatisha wakiona nafuu, tatizo linarudi, kwa sababu utumbo uliotanuka hausinyai kwa wiki. Usiikatishe mpaka daktari aseme.

Nyumbani anywe maji ya kutosha, ale papai, maharage, mboga za majani. Ugali wa muhogo na dagaa kila siku peke yake haumtoshi. Baada ya kula, asubuhi na jioni, akae chooni dakika 5 hadi 10, maana chakula kikiingia tumboni utumbo nao huanza kusukuma. Apate asipate, msifu kwa kukaa. Nguo zikichafuka akusaidie kufua kimyakimya, siyo mbele ya watu.

Mbalamwezi hii, dagaa wakiwa hawavuliwi na mumeo yuko nchi kavu, pesa ya kwanza ya dagaa inunue komeo la mlango wa choo na taa. Na kabla hujampa mtoto dozi ya kwanza, mwombe radhi.