Kipochi cha losheni na shampuu ndani ya ndege: maswali na majibu

Kamwene. Mwezi ujao nasafiri kwenda Dubai kupitia Songwe na Dar es Salaam, na begi la mkononi tu. Nina kipochi cha kitenge chenye mifuko mingi. Kitafaa? (Njombe)

Kamwene. Kitenge kiweke mswaki, kitana na sabuni ya mche. Vimiminika vinataka kipochi kinachoonyesha ndani. Kwa safari za kimataifa kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vikae kwenye mfuko mmoja unaofungika usiozidi lita 1. Huo ni wastani wa sentimita 20 kwa 20, basi nenda dukani na rula.

Ukikishika, kunja kona. Plastiki ngumu yenye harufu kali ikikutana na baridi ya Njombe ya Juni hupasuka hapo hapo penye mkunjo. Chagua laini inayorudi ilivyokuwa. Tazama na mishono: iliyounganishwa kwa moto huzuia maji, ya uzi hupitisha kila tundu la sindano. Zipu ifunguke upana wote wa juu, na ifunge bila kulazimishwa. Chupa za duara hupoteza nafasi, kwa hiyo usitegemee kumi. Sita au saba ndizo hukaa vizuri.

Kuhusu katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019, usiwe na wasiwasi: mifuko ya zipu ya kubebea vipodozi vya wasafiri iliruhusiwa, kwa kuwa inabaki mikononi mwa mwenyewe.

Losheni yangu imebaki nusu kwenye chupa ya 200. Si bado ni mililita 100? (Makambako)

Itabaki kwenye ukaguzi. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo, si kilichobaki ndani. Hamishia kwenye chupa ndogo iliyoandikwa ujazo. Kama haina maandishi, chukua sirinji ya mililita 10 duka la dawa uijaze maji: ikipokea zaidi ya sirinji kumi, iache nyumbani.

Nikienda Dar shampuu haimwagiki. Nikirudi, kipochi kizima ni povu. Chupa ni ile ile! (Mwanjelwa, Mbeya)

Chupa haina kosa, ni hewa uliyoifungia ndani. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ndani ya ndege iliyo juu sana, mgandamizo wa hewa hufanana na wa mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400. Chupa iliyofungwa Mbeya haioni tofauti kubwa angani; ikishuka Dar inabonyea tu mbavu. Ukiifungua pwani inavuta hewa nzito. Unaifunga, unapanda, na mililita 40 za hewa hiyo zinakuwa karibu 50 zikifika Mbeya. Ziada hiyo inatafuta pa kutokea, na kama chupa imelala, inayosukumwa nje ni shampuu.

Kabla ya kuondoka Dar, simamisha chupa, ibane mpaka shampuu ifike karibu na mdomo, kisha funga huku umeibana. Hewa ikipanuka, mbavu zitafunguka badala ya kifuniko. Tumia kifuniko cha kuzungusha chenye mpira ndani. Cha kubofya ndicho kinachoponyoka kwanza. Weka kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kufunga, na kipochi kikae wima. Anayerudi kwa basi afanye vivyo hivyo, maana mlima Kitonga nao unapandisha.

Mafuta yangu ya nazi huku yameganda kama samli. Hayo nayo ni kimiminika? (Tukuyu)

Yahesabu hivyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yaliyo mgando Tukuyu yatakuwa maji kabla hujafika foleni ya ukaguzi Dar. Kikopo kipana ni rahisi kuchota huku kwenye baridi, lakini kifuniko chake kiwe na mpira. Mafuta ya mgando, dawa ya meno, jeli ya nywele na asali vinaingia kundi hilo hilo. Asali ya zawadi ipeleke kwenye begi la mizigo.

Dawa ya maji ya mtoto ni mililita 150, na kuna maziwa yake. (Iringa)

Dawa inayohitajika safarini na maziwa ya mtoto havibanwi na kikomo cha 100. Viweke kando ya kipochi, mwambie mkaguzi kabla hajauliza, na cheti cha daktari kiwe karibu. Dawa ibaki kwenye chupa yake yenye lebo.

Wembe je? (Tunduma)

Wembe mtupu, hapana. Mashine ya kunyolea ambayo wembe wake umefungwa ndani ya plastiki hupita.