Manowari ya kivita? Kwani kuna ya kuvulia dagaa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Juzi nimesikia kwenye taarifa ya habari kwamba "manowari mbili za kivita zimetia nanga". Mwenzangu kazini anashikilia kuwa manowari ni neno la Kiarabu, kama merikebu. Mimi nasema ni letu, lina ma- ya wingi, na umoja wake ni "nowari". Tumewekeana soda. Nani kashinda? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. "Nowari" sijapata kuiona, baharini wala kamusini. Manowari imetia nanga, manowari zimetia nanga, basi. Na Waarabu hapa hawamo. Ni Kiingereza cha zamani, "man-of-war", ambacho mabaharia walikitafuna kikawa "man-o'-war", nasi tukakidaka hivyo hivyo na kukibandika irabu mwishoni. Zamani hizo hakikuwa chombo. Kilikuwa mtu wa vita, yaani askari. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inamwita Mungu kwa maneno hayo katika Kutoka 15:3, na yetu inasema "Bwana ni mtu wa vita". Baadaye jina likamhama askari, likapanda melini.

Umeshapata ulichouliza. Sasa niachie nafasi iliyobaki, maana kilichonitoa usingizini si asili ya neno, ni hiyo "ya kivita".

Manowari ni meli ya vita. Ukisema "manowari ya kivita" umesema meli ya vita ya kivita. Ningependa mtangazaji huyo anioneshe manowari ya aina nyingine. Iko wapi manowari ya kuvulia dagaa? Manowari ya kupakia karafuu Wete? Ile ya kuleta boriti kutoka Rufiji, nahodha kajifunga kikoi, mizinga imeanikiwa ng'onda? Nikiiona nitaomba radhi hadharani. Waunguja walioamka tarehe 27 Agosti 1896 wakakuta manowari tano za Waingereza zimeelekea kasri la Sultani hawakuhitaji kuambiwa kwamba ni za kivita. Saa tatu asubuhi zilianza kulipua, na saa nne haijagonga vita vimekwisha.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi: "meli ya kivita ya manowari". Hapo neno moja limekalishwa kitini mara tatu, na bado mwandishi anahofu halijakaa. Ni walewale wa "kurudia tena" na "kushuka chini".

Najua mjuaji mmoja ataniandikia: "Mwalimu, mbona unasema meli ya mafuta? Meli nayo si imetoka kwenye 'mail', barua?" Imetoka huko kweli. Tena ukichimba zaidi utakuta kwa Wafaransa wa kale "male" ulikuwa mfuko tu. Waingereza wakautia barua, jina likawa la barua zenyewe, kisha sisi tukakipa jina hilo chombo kilichozileta. Mwaka 1872 meli za barua za Waingereza zilianza safari za mara kwa mara kati ya Aden na Unguja. Lakini leo hakuna anayesikia barua ndani ya meli. Maana ile imekufa na kuzikwa, ndiyo maana meli inabeba mafuta, saruji na ng'ombe bila kumkera mtu. Vita ndani ya manowari havijafa. Fungua kamusi uone.

Kwa hiyo sisemi tuongee kwa kufuata makaburi ya maneno. Nasema neno likiwa hai, liachiwe kazi yake. "Manowari ya kubebea ndege" siigombi, kwa kuwa imeniongezea habari: si kila manowari inabeba ndege. "Manowari ya kivita" imeniongezea nini? Pumzi mbili za mtangazaji.

Anayeyasema hayo usiku wa manane, taarifa imemfikia dakika hiyo, nitamsamehe. Ulimi hauna mfupa. Aliyeyaandika, akayasoma, akampa mhariri, mhariri naye akayapitisha, huyo simsamehe, na mhariri wake nimemwekea kinyongo maalumu.

Kuhusu soda: mwenzako kakosa, nawe umekosa. Kila mtu ajinunulie yake.