Miko miwili na V1: kwa wewe unayetoka Wilson kwenda kwenye jeti

Kijana mmoja aliyepata leseni yake ya urubani juzi pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, ameniuliza asome nini kabla ya kozi ya jeti. Amepewa kitabu cha ndege kwenye tableti, kurasa zaidi ya elfu, naye ameanza ukurasa wa kwanza. Nilicheka, maana hata mimi nilianza hivyo. Wiki mbili baadaye nilikuwa najua habari zote za maji ya choo cha abiria, na bado sijui niseme nini ndege ikianza kukimbia.

Weka hicho kitabu kando kidogo. Anza na mdomo.

Mimi nilijifunzia kwenye bedsita ya Donholm. Nilichapisha picha za chumba cha rubani wa Boeing 737 kwa saiba, nikazibandika ukutani kwa selotepu, paneli ya juu nikaibandika darini. Vishikio vya nguvu za injini vilinisumbua, mpaka nikaona miko miwili ya dada yangu. Nikaichomeka kwenye debe la mahindi, wima, mkono wa kulia. Dada akirudi kusonga ugali ananikuta nimeketi kwenye stuli, nasukuma miko mbele huku nasema peke yangu: "Themanini… V1… rotate." Siku ya kwanza aliniuliza kama nimekula.

Lakini hayo maneno matatu ndiyo kazi yenyewe. Kwenye noti 80 (noti za mwendo, si za benki) rubani asiyeshika usukani anaita, mwenzake analinganisha saa yake ya mwendo na kujibu. Kama saa mbili hazikubaliani, mnasimama hapo hapo, bado ni rahisi. Kupita hapo hamsimami kwa kila taa inayowaka: mnasimama kwa moto, injini iliyokufa, au ndege isiyoweza kuruka.

Halafu inakuja V1. Wengi husema ni kasi ya kuamua. Ukiichukua hivyo umechelewa, kwa sababu kufikia V1 mkono uwe tayari umeanza kurudisha nguvu nyuma. Baada yake njia iliyobaki haitoshi kusimama, kwa hiyo unapaa, hata kwa injini moja. Ndiyo maana kepteni hushika vile vishikio kuanzia mwanzo, na V1 ikiitwa anaviachia kabisa, anauondoa mkono usije ukamponza.

Mimi uliniponza. Kwenye simuleta, mashine ya kuigiza ndege, kama sekunde moja baada ya V1, kengele ya moto ililia. Nilikuwa nimeshaachia vishikio, lakini mkono ukarudi wenyewe na kuvuta. Tukapita mwisho wa lami, tukasimama kwenye nyasi za kompyuta. Mwalimu akagandisha picha. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Huo mkono ulirudi kutafuta nini?" Usiku ule miko ilifanya kazi mpaka saa sita: V1, achia. V1, achia. Mkono unafundishwa kama mtoto, kwa kurudiarudia, wala hausikii maelezo.

Ikiitwa "rotate", unainua pua ya ndege. Ukishapaa mambo ni mafupi: hakikisha saa zinaonyesha mnapanda kweli, sema, ndipo magurudumu yapande. Kama injini imekufa, shika V2, mwendo unaowapandisha kwa injini moja, na usiguse swichi yoyote kabla ya futi 400 juu ya ardhi. Moto unaweza kungoja sekunde hizo. Kuzima kwa haraka injini iliyo nzima badala ya mbovu ni kosa ambalo marubani wazoefu wamelifanya.

Sasa jambo ambalo kitabu hakitakuambia kwa mkazo, kwa kuwa hakikuandikiwa Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari. Mchana wa jua, nyuzi 26 hivi, hewa ni nyepesi kana kwamba uko karibu futi 8,000. Injini inapumua kwa shida na mabawa yanahitaji mbio zaidi. Saa itakuonyesha noti 140, lakini magurudumu yanakimbia juu ya lami kwa karibu noti 160. Ndiyo maana njia ya pale ina zaidi ya mita 4,000, na ndiyo maana hesabu za uzito hubadilika kati ya alfajiri na saa nane mchana. Usiziige za jana.

Kimo pia kitakuchanganya. Sheria ya kawaida ni kwamba ukishuka ndani ya mawingu, kufikia futi 1,000 juu ya ardhi kila kitu kiwe sawa: mwendo, magurudumu, mabawa, mteremko. Kisipokuwa sawa, ghairi, paa tena. Hapa Nairobi altimita, saa inayopima kimo kutoka usawa wa bahari, itasoma yapata 6,300. Mombasa itasoma kama 1,200. Mimi kwenye simuleta nilizoea namba za Mombasa, na siku mwalimu alipoweka Nairobi bila kunionya, nilijiona bado nina nafasi tele kumbe ardhi iko pale. Nikaghairi. Ndiyo pekee niliyosifiwa siku ile, na Julai ukikuta mawingu ya asubuhi yamelalia Embakasi utaghairi tena, na abiria watanuna. Wanune.

Kwenye redio, neno "takeoff" lichunge. Tarehe 27 Machi 1977 huko Tenerife, ndege mbili za Jumbo (Boeing 747) ziligongana kwenye ukungu, watu 583 wakafa. Rubani wa moja alianza kukimbia bila ruhusa, na maneno yaliyotoka redioni mnara wa kuongozea ndege uliyaelewa vingine. Tangu hapo neno hilo hutamkwa tu mnapopewa ruhusa au inapofutwa. Kwingine kote mnasema "departure". Na rudia maagizo kwa ukamilifu. "Sawa" si jibu.

Namba za kuwajulisha waongozaji hatari, 7500 (utekaji), 7600 (redio imekufa) na 7700 (dharura), utazijua kwa siku moja. Barakoa ya oksijeni ifanyie mazoezi ukiwa umefumba macho: kwenye futi 35,000 hewa ikitoka una kama nusu dakika hadi dakika moja ya akili timamu. Vaa kwanza, ndipo uulize mwenzako yuko vipi.

Miko ya dada niliirudisha, mmoja ukiwa na ufa. Wewe nunua yako soko la Kariokor.