Chupa ipi nibebe kwa mzee?

SWALI: Habari kaka, niko Ilazo hapa Dodoma. Jumamosi mimi na mume wangu tumealikwa chakula cha usiku kwa bosi wake wa zamani, mzee alisoma Italia enzi hizo na waini nyekundu anaijua kwelikweli. Nina tatu aliniletea shemeji, Barolo ya 2016, Brunello di Montalcino ya 2012 na Chianti Classico Riserva ya 2013. Mbili za kwanza zimelala stoo chini kabisa, hiyo Chianti iko juu ya friji mwaka wa pili sasa. Mama mwenyeji wetu kasema ni mbuzi wa kuchoma. Nibebe ipi nisiaibike?

JIBU: Beba Brunello dada yangu.

Chianti iache kwako. Waini ya kukaa miaka inataka giza na ubaridi wa nyuzi 12 mpaka 15 hivi, na ilale ili kizibo kisikauke, sasa juu ya friji kuna joto la mashine, kuna mtetemo, ongeza na jua letu la Oktoba na Novemba, hapo unaitesa tu. Kizibo kikiwa kimesukumwa juu au shingo inanata ujue joto limeshaingia. Ifungue siku yenu wawili, kama imeharibika bora muijue nyumbani kuliko mezani kwa mzee.

Barolo ni kubwa, zabibu ya Nebbiolo tupu kutoka Piemonte, kaskazini mwa Italia, sheria yao inataka ikae angalau miezi 38 na 18 kati ya hiyo ni ndani ya pipa, na 2016 kule ulikuwa mwaka mzuri mno. Ila ukakasi wake bado unakamata ulimi, inataka imiminwe kwenye jagi masaa mawili matatu kabla ipate hewa ilainike, na we mgeni utaanzaje kuwaagiza watu jagi umefika tu mlangoni? Iache iendelee kulala.

Brunello ni zabibu ya Sangiovese peke yake, haiuzwi mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, yaani hiyo yako imeingia sokoni 2017 na tangu hapo imeendelea kulainika, na mafuta ya mbuzi yataimalizia kazi iliyobaki. Mwombe tu mama pilipili aiweke kwenye kibakuli pembeni, maana ikiwa kali inaua ladha yote.

Isimamishe tangu Ijumaa mashapo yashuke. Wanaosema nyekundu haipozwi wanaongelea nyumba za Ulaya zenye baridi, sebule zetu zinafika nyuzi 28, kwa hiyo iweke friji nusu saa kabla hamjatoka, na kwenye gari uishike wewe mwenyewe isilale ikatibuka. Kizibo cha miaka hiyo kinakatika kirahisi, kifungulio kiingie taratibu, kikikatika chujeni kwa kitambaa safi.

Halafu mpigie mama leo umuulize kama kuna wageni wasiotumia pombe, uwabebee juisi ya zabibu za hapahapa Dodoma.