Maswali ya Wasomaji: Kuweka Kumbukumbu za Jahazi

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu ni fundi wa majahazi hapa Lamu, na sasa umri umemtupa mkono. Hana mchoro hata mmoja. Vyombo vyote alivyoviunda alivikadiria kwa jicho na kuvipima kwa shibiri na dhiraa. Vijana wa nyumbani wamekimbilia boti za faiba. Nimempiga picha nyingi kwa simu akiwa kazini, lakini nikizitazama naona hazinifundishi kitu. Nianzie wapi ili ujuzi wake usipotee? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Ndugu msomaji, umekwisha kugundua jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa, kwamba picha ya jahazi huonyesha umbo lakini huificha kazi. Anayeitazama hajui kama mataruma, yaani mbavu za chombo, yalitangulia au mbao ndizo zilizotangulia, wala hayaoni maungio ya mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo, na hanamu, mti unaopanda mbele yake, kwa kuwa yamekwisha kufunikwa. Mfuatano huo ndio ufundi wenyewe, na ndio unaopaswa kuandikwa kwanza.

Mfano tunao hapa hapa mwambao. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kusafiri kwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Waliotaka kuuelewa baadaye walibaki na vielelezo vidogo vilivyo katika makumbusho, picha chache, na maandishi ya wageni kama James Hornell, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1941. Tunajua kwamba mbao zake zilishonwa kwanza na mataruma yakafuata ndani. Lakini maneno ambayo fundi alimwambia mwanafunzi wake alipokuwa akiikaza kamba hayakuandikwa na mtu.

Basi tafuta chombo kinachoundwa sasa, au angalau kinachofanyiwa matengenezo, ukae na mjomba wako tangu mkuku unapolazwa. Kila kipande kinapoingia, andika jina lake kama anavyolitamka yeye, mti uliotumika, chombo cha kazi alichoshika, iwe tezo, keekee au patasi, na sababu ya kukichagua kipande hicho. Usimsahihishe kwa kamusi. Majina ya sehemu za chombo hubadilika kutoka bandari moja hadi nyingine, na tofauti hizo nazo ni sehemu ya urithi.

Vipimo vyake viandike kwa namna mbili: kwa mita, na kwa kipimo alichokitaja mwenyewe. Dhiraa ni takriban nusu mita, lakini dhiraa anayoitumia ni ya mkono wake, kwa hiyo upime na mkono huo, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Kisha muulize uhusiano wa vipimo: mkuku wa dhiraa 20 unastahili mlingoti wa urefu gani, na foromali yake, mti unaofungiwa tanga, je? Hapo ndipo penye hesabu ambayo mafundi wengi wanayo kichwani bila kuiita hesabu.

Kwa umbo la chombo, hakikisha kwanza kwamba kimesimama wima juu ya magadi yake, miti inayokiegemeza, kisha funga uzi uliokazwa kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, katikati kabisa. Kila nusu mita, teremsha timazi, uzi wenye uzito nchani, upate kina hadi kwenye mkuku, na pima upana kutoka kwenye uzi wa timazi hadi ubavuni katika vimo vitatu au vinne. Ni kazi ya kuchosha, na mtoto mwerevu wa kushika ncha ya tepu atakufaa kuliko kamera ya bei kubwa. Picha zako zitapata maana zikiambatana na vipimo hivi, hasa ukiweka ndani ya kila moja kijiti kilichotiwa alama za sentimita.

Sauti isisahauliwe. Mjomba anapotia kalafati, akisukuma pamba yenye mafuta kati ya mbao mbili na kuigonga kwa nyundo, muulize anasikiliza nini na anajuaje kwamba mwanya umejaa. Rekodi mlio wa nyundo pamoja na jibu lake.

Ridhaa yake iandikwe kabla ya yote hayo; Kenya imekuwa na sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni tangu mwaka 2016. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe makumbusho, na ya tatu iwe mahali pengine mbali. Mtepe wa ukubwa kamili ulioundwa upya Zanzibar uliwekwa katika Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa makumbusho huko, na sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

SWALI: Mashua ya marehemu babu yetu imeoza pwani na jamaa wanataka kuichanja kuni. Je, kuna faida yoyote ya kuiandikia kumbukumbu ilhali haiwezi tena kushuliwa? (Msomaji, Pemba)

JIBU: Faida ipo, tena kubwa. Chombo kizima hakuna atakayekuruhusu kukifumua, lakini hicho chenu kinafumuka chenyewe. Waombeni jamaa siku chache. Bandueni ubao mmoja mmoja, mkiupa kila ubao namba kwa chaki kabla haujatoka, na mtazame misumari ilipita wapi, mbao ziliungwaje, na ni wapi palipotiwa viraka baadaye. Mahali palipooza mapema kuliko pengine papigwe picha kwa makini, maana panaonyesha maji yalikokuwa yakituama. Vipande vya mkuku, hanamu na taruma moja vihifadhiwe pakavu, kwa sababu fundi akivishika mkononi atawaeleza mambo ambayo hangeyakumbuka kwa kuulizwa tu. Zilizobaki wachukue jamaa wakapikie.