Kutoka .308: uchukue 6.5 Creedmoor au ushuke hadi 6 mm?

Mkuu, unasema una bunduki ya bolti ya .308 (aina ya risasi, kama zilivyo 6.5 Creedmoor na 6 mm), unataka kuingia mashindano ya shabaha ya PRS (Precision Rifle Series, ya kulenga mbali kwa bunduki) hapa Marekani, kila mtu anakwambia uhamie risasi nyepesi, na unauliza uchukue 6.5 Creedmoor au 6 mm. Nimezipiga zote unazozitaja. Jibu langu ni 6 mm, hasa ile iitwayo 6 Dasher, kwa sharti moja: uwe unajaza risasi zako mwenyewe, yaani unaziunda kwa ganda, baruti na kichwa badala ya kununua zilizo tayari.

Ondoa kwanza hofu ya upepo. Wengi hudhani uzito ndio unaoushinda, kumbe ni umbo na mwendo. Kichwa cha .308 (kipande kinachoruka kwenda shabaha) cha greni 175, yaani gramu 11.3, hutoka mtutuni kwa mita 790 hivi kwa sekunde. Cha 6 mm cha greni 105 hakifiki gramu 7, lakini ni chembamba, kirefu, na Dasher hukirusha kwa mita 870 hivi. Kwenye mita 800 upepo unamsukuma pembeni huyo mdogo zaidi ya kaka yake? Hapana, unamsukuma pungufu.

Ila mimi sikuhamia kwa sababu ya upepo. Nilihamia kwa sababu ya teke, yaani bunduki kurudi nyuma inapofyatuka. Kwenye PRS mara nyingi hulali chini. Unaegemea pipa, ngazi au ukuta, na saa inakukimbiza. .308 ikipiga teke, darubini inaruka, risasi inatua wewe huoni. Dasher inakula gramu 2 hivi za baruti, .308 karibu 2.9, na kichwa chenyewe ni chepesi, kwa hiyo jicho linabaki kwenye shabaha. Ukikosa, unaona vumbi limeruka upande gani, unasahihisha hapo hapo. Pointi za mashindano haya zinapatikana hapo, wala si kwenye majedwali ya kompyuta ya mwendo wa risasi.

Kama hujazi, nunua 6.5 Creedmoor. Hornady waliitoa mwaka 2007 na leo risasi zake zimejaa madukani. Teke lake liko katikati. Ipo pia 6 mm Creedmoor ya dukani, lakini inachoma baruti nyingi katika tundu dogo na koo la mtutu (pale kichwa kinapoanzia kuingia) linaliwa haraka. Mtutu wake unaweza kuchoka kwenye risasi 1,500 hivi, wakati wa .308 huvuka 5,000. Kwa anayelipa mitutu mfukoni mwake, simshauri.

Zote hizi zina kitako cha ganda sawa na cha .308, hivyo bolti yako inabaki. Fundi anabadilisha mtutu tu. Agiza mifuo (mistari ya ndani ya mtutu inayozungusha kichwa) inayozunguka mara moja kila inchi 7.5 au 8. Magazini, kisanduku kinachobeba risasi, ndiyo itakusumbua, maana ganda la Dasher ni fupi na hukwama. Tafuta iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Kasoro halisi ya Dasher ni huko mbali, mita 900 na kuendelea. Kichwa chepesi kinagonga chuma cha shabaha bila kukitikisa sana, na mwamuzi anaweza asione. Kabla ya kujiandikisha, waulize waandaaji kama shabaha za mbali zimefungwa taa zinazowaka zikiguswa.